Hereni ya Ndama

Barabara ya Mzunguko haikuwa na desturi ya kusimama kwa ajili ya mtu. Kwa ng'ombe ilisimama, kwa punda ilisimama, na siku moja mbuzi aliyekata kamba aliizuia mpaka jua likawa utosini. Ila kwa mtu, la. Waliojenga barabara ile walisema mtu hana haja ya kusimamishiwa magari, kwa kuwa mtu anasomeka.

Damari Chidawali alisimama ukingoni upande wa Nzasa, vidole vya mguu wa kulia vikigusa mstari mweupe na vya mguu wa kushoto vikiukataa. Kaka yake Hezroni alikuwa nyuma yake. Asubuhi hiyo alikuwa amekubali, shingo upande, asimshike mkono bali amwache ajaribu. Mbele yao magari yasiyo na dereva yalipita bila kupunguza mwendo, yamebanana kama nyuzi za kitenge, na katikati yake watu walivuka wakiongea mambo yao. Mwanamke mmoja alipita na beseni la maandazi kichwani, hakugeuza hata shingo. Magari yalimpitia mbele na nyuma kama maji yanavyolipita jiwe.

Ndivyo barabara ilivyofanya kazi. Kila gari lilikuwa na macho, na macho yale yaliangalia vitu vitatu kwa mtu: bega, nyonga na mboni. Bega likitangulia, mtu anakuja. Nyonga ikirudi nyuma, ameghairi. Mboni ikitua ng'ambo, ameshaamua. Gari moja likishasoma, liliyaambia mengine kabla mtu hajanyanyua kisigino, na njia ikafunguka pale pale mguu ulipokuwa unakwenda kutua. Nyuso hazikusomwa; kwa mwendo ule hapakuwa na muda wa nyuso. Basi taa zikang'olewa, vivuko vya milia vikafutwa, na msimu wa mvua uliopita daraja la chuma la waenda kwa miguu likakatwa likauzwa kwa vyuma chakavu, maana hapakuwa na aliyelipanda isipokuwa Damari na wachache wa namna yake, na wachache hawajengewi daraja.

Mwili wa Damari ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko mwingine. Alipofikiri, bega lake liliyumba. Alipofurahi au alipoogopa, vidole vyake vilipigapiga hewa mbele ya kifua. Macho yake hayakutua ng'ambo. Yalitua chini, kwa sababu chini ndiko kulikokuwa na utulivu. Tangu akiwa mtoto zahanati iliandika kwamba ana usonji. Mama yao, alipokuwa hai, alilisoma neno lile, akaikunja karatasi, akasema mtoto ni yule yule wa jana.

Wala si barabara tu iliyoshindwa kumsoma. Yeye naye hakuweza kuisoma. Watu wengine waliona barabara. Damari aliona magari. Kila moja lilimjia na mlio wake, mkwaruzo wake, na namna yake ya kumeta juani, na hakuweza kuliacha hata moja lipite bila kulipokea. Yakiwa matatu aliyaweza. Yakiwa mengi yalimwingia yote kwa mara moja, kama watu wanaogombea mlango mmoja.

Akatia mguu.

Bega likayumba, vidole vikapiga hewa. Gari la kwanza likapunguza mwendo, likasita. La pili likasita kwa sababu la kwanza limesita. Kisha yakaanza kusema, sauti moja ya kike, ya upole, ikitoka katika magari yote: "Ndugu mvukaji, tafadhali kamilisha nia yako."

Nia alikuwa nayo. Ilikuwa kufika kwenye cherehani yake dukani kwa Bi Mwantumu, pale ng'ambo, mlango wa tatu kutoka kona. Lakini sauti ile ilirudiwa na kila gari, na kila gari lilichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, mpaka maneno yakamjaa kichwani na nia ikakosa pa kukaa. Akajikunyata pale pale chini, viganja masikioni. Hezroni akaja, akamwinua kwa makwapa, akamvusha haraka haraka miguu yake ikiburuza, kama mtu anayewahisha gunia kabla mvua haijanyesha.

Walipofika upande wa pili Hezroni alimfuta vumbi gotini na kumwambia kwa upole kwamba ameona mwenyewe. Kisha akarudia aliyokwisha kuyasema mara nyingi. Mamlaka ya Mtiririko ilikuwa imewaita wote wanaoisumbua barabara. Zamu ya Damari ilikuwa keshokutwa kabla ya adhuhuri, ofisini kwao huku ng'ambo, na sharti lilikuwa moja: afike peke yake, bila kuongozwa. Akifika, ataandikwa kuwa ni mtu anayesomeka na hataulizwa tena. Asipofika, atapewa mlezi wa barabara, na sheria ilisema mwenye mlezi alale chini ya paa la mlezi. Hezroni alikuwa ameshapaka chokaa chumba cha uani kwake. Alikuwa ameweka kitanda, ameweka pazia, na dirishani ametia nondo mpya kwa ajili ya usalama.

Hezroni hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkosesha Damari pumzi. Mtu mbaya unaweza kumkimbia.

Naye alikuwa na chumba chake Nzasa, cha kupanga, chenye mlango wa mbao na kitasa cha zamani cha ufunguo wa chuma. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake, na aliporudi jioni akafunga mlango, ulimwengu ulikaa kimya mpaka asubuhi. Kwa Hezroni kulikuwa na watoto watano, televisheni mbili, na shemeji mwenye moyo mwema aliyependa kuingia bila kubisha hodi.

*

Jioni ile Mjomba Lusito alimkuta kibarazani anang'oa uzi wa gauni la mteja. Mjomba alikuwa ndugu wa mama yao, mfugaji aliyebaki na kundi dogo nyuma ya vilima, mtu mrefu wa maneno mafupi na utani mrefu. Alisalimu "Mbukwa" kwa Kigogo chake, akajibiwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa. Alikuwa amekwisha kusikia habari za asubuhi. Nzasa nzima ilikuwa imekwisha kusikia.

Akaanza kumcheka, kama mjomba anavyoruhusiwa. Akasema ng'ombe wake wanavuka barabara ile ile kila wanapopelekwa mnadani, na miongoni mwao wamo wapumbavu wa kutupwa, wamo wanaosimama katikati kujikuna, na hajasikia hata siku moja ng'ombe akiambiwa akamilishe nia yake.

"Kwa nini, Mjomba?" Damari aliuliza. Hakuwa mtu wa kucheka utani kabla hajaujua ndani yake kuna nini.

Mjomba akamweleza. Ng'ombe hasomeki. Bega lake linakwenda huku, yeye anakwenda kule. Waliojenga barabara walihangaika naye mpaka wakachoka, ndipo wakaamua kwamba kila mnyama avae hereni ya kielektroniki, na magari yakiisikia hereni yasimame mbali, yote, pande zote mbili, mpaka imalize kupita. Akatia mkono katika shuka lake akatoa kitu cha njano, kipana kama kiganja cha mtoto: vipande viwili vya plastiki vilivyoshikana kwa kipini.

Ilikuwa hereni ya Majivu, ndama wake aliyekufa kwa kuvimba tumbo. Sheria ilitaka hereni irudishwe na kifo kitajwe. Lakini wazee wa kwao hawakutangaza ng'ombe aliyekufa, kama wasivyotaja idadi ya walio hai. Ukiwahesabu hadharani umewaitia msiba. Kwa hiyo Majivu aliliwa na ardhi, na huko serikalini alikuwa bado mzima, anakula nyasi. Mjomba akamwonyesha mpwa wake: ukibana vipande hivi viwili, inaishi; ukivitenganisha, inakufa.

Damari aliigeuzageuza. Ilikuwa laini, na pembe zake zilikuwa zimelika vizuri. Aliipenda mkononi kabla hajaipenda moyoni.

"Huu si uongo, Mjomba?"

"Nani anadanganywa?"

"Barabara."

Mjomba Lusito aliitazama fimbo yake. "Barabara imekuuliza swali baya, mpwa wangu. Imekuuliza, wewe ni mtu kama sisi, au ni ng'ombe? Swali likiwa baya namna hiyo, kila jibu lina kasoro. Wewe chagua jibu litakalokufikisha."

Wakati huo Hezroni aliingia na bakuli la mlenda na ugali kutoka kwa mkewe. Aliiona hereni, na hakuhitaji kuelezwa. Akaweka bakuli chini polepole. Akasema mama yao hakuzaa ndama.

"Wala hakuzaa gunia," Mjomba akasema, "na asubuhi nimesikia umelibeba."

Hezroni aliondoka bila kuaga. Damari alikula mlenda wote, akaosha bakuli, akaliweka mlangoni ili kesho lirudi kwa mwenyewe. Halafu alikaa na ile hereni mapajani muda mrefu. Heshima, ile aliyoitetea Hezroni, hakuihisi mahali popote mwilini. Uongo ndio uliomwasha, kama lebo ya nguo inayokuna shingoni. Hakuwa hodari wa kusema neno lisilo lake. Ulimi wake ulikataa, kama cherehani inavyokataa uzi mnene. Lakini kila alipofumba macho aliziona zile nondo mpya dirishani.

*

Siku ya kuitwa, mjomba alimsindikiza mpaka ukingoni, hatua moja tu nyuma ya mstari. Huko si kuongozwa, alisema. Huko ni kuaga. Damari alikuwa ameifunga hereni kwa utepe, ikaning'inia kifuani chini ya khanga. Akabana vipande viwili. Akatia mguu.

Magari yakasimama.

Hayakupunguza mwendo wala kusitasita. Yalisimama, mbali kushoto na mbali kulia, na ile sauti ya kike ikasema mara moja tu: "Mifugo inavuka. Tafadhali subirini." Kisha ikanyamaza.

Damari hakuwahi kuisikia barabara ikiwa kimya. Alisikia kanzu ya mtu ikipeperuka. Alisikia njiwa juu ya paa la duka la Bi Mwantumu. Alitembea na vidole vyake vikapiga hewa vilivyotaka, bega likayumba lilivyotaka, na hapakuwa na aliyeuliza neno. Alifika katikati akiwa anatabasamu.

Hapo ndipo ardhi ilipounguruma. Nguzo nene za chuma zikachomoza kutoka barabarani, moja baada ya nyingine, zikamzunguka, zikapanda mpaka kimo cha kifua chake na kusimama. Nafasi baina yake haikutosha kupitisha kichwa cha ndama.

"Ndama hana mchungaji," sauti ikasema. "Mchungaji, tafadhali fika na fimbo."

Ukingoni, Mjomba Lusito alishika kinywa. Maisha yake yote alivuka pamoja na kundi, fimbo mkononi, na kishikizo cha shaba cha fimbo hiyo kilikuwa kimesajiliwa kama hereni zenyewe. Kamwe ndama wake hakuvuka peke yake, ingekuwa aibu. Basi hakuwahi kujua barabara inamfanya nini mnyama aliyepotea. Akakusanya shuka, akavuka mstari, akaanza kuja.

Damari akanyanyua kiganja. "Usije, Mjomba. Ukija, nitakuwa nimeongozwa."

Mjomba akasimama. Fimbo ambayo ingelifungua zizi lile kwa kuligusa tu ilikuwa mkononi mwake, hatua chache tu kutoka alipokuwa Damari, na wote wawili walijua kwamba ikifika, chumba cha Nzasa kimekwenda. Alirudi nyuma ya mstari kama mtu anayeondoka kaburini.

Chuma kilikuwa cha moto. Damari aligeuka kushoto, akakuta nguzo. Akageuka kulia, akakuta nguzo. Akashika pindo la khanga akaanza kulipitisha kati ya vidole, mshono kwa mshono, kwenda na kurudi. Akajilazimisha kufikiri. Akibaki na hereni, magari yatabaki yamesimama, naye atabaki zizini mpaka watu wa Mamlaka waje wamwongoze, na huko nako ni kuongozwa. Akiitenganisha, zizi litashuka, lakini magari yatamwona mtu, na mtu yule yatamtaka akamilishe nia yake akiwa katikati kabisa, mbali na kila ukingo. Ndani alikuwa salama na amefungwa. Nje alikuwa huru na amepotea. Hapakuwa na mlango wa tatu.

Basi milango ya magari ikaanza kufunguka.

Watu wa mji ule walikuwa wamesahau foleni ni nini, lakini miili yao haikusahau. Walishuka. Walinyoosha migongo. Walikuja kuangalia, kama watu wanavyokuja kuangalia. Wa kwanza alikuwa kijana wa tai, akauliza ndama yuko wapi. Mwingine akasema hamwoni ndama, anamwona mama huyu. Wa tatu akasema pengine mama amemmeza. Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Yule mwanamke wa maandazi akatokea na beseni lake akaanza kuuza. Bibi mmoja mwenye miwani minene aliegemea nguzo, akamuuliza Damari ni binti wa nani, na alipotajiwa Chidawali akasema alimfahamu mama yake kanisani, alikuwa na sauti nzuri ila alikuwa anawahi ubeti.

Walisogea. Waliegemea zizi pande zote. Jasho, manukato, mafuta ya maandazi, maswali. Vyote vikamwingia Damari kwa mlango ule ule mmoja. Akainamisha kichwa. Akaona viatu. Akapandisha macho kidogo, akaona nyonga, na kidogo tena, akaona mabega, kwa sababu mabega ndiyo kazi yake. Hajashona nguo hata moja bila kuanzia begani.

Mabega yale hayakuwa yanakwenda kokote.

Bega la kijana wa tai lilielekea ofisini na nyonga yake ilielekea maandazi. Bibi alikuwa ameegemea. Wengine waliyumba, mguu huu, mguu ule, macho yakizurura angani, kwenye beseni, kwenye simu. Damari akawatazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayekuta watu wa kwao ugenini.

Akatia mkono chini ya khanga, akatenganisha vipande viwili.

Nguzo zikashuka zikamezwa na ardhi. Watu waliokuwa wameegemea walipepesuka. Na magari, yakiwa hayasikii tena mnyama, yakaamka yote kwa pamoja, yakausogelea umati, yakasita: "Ndugu wavukaji, tafadhali kamilisheni nia zenu."

Watu wakatazamana. Kijana wa tai akanyanyua mguu, akaushusha. Mwingine akaenda kulia, akaona wenzake hawaji, akarudi. "Nia gani?" bibi aliuliza, akiyaelekea magari kama mtu anayejibu hodi. "Mimi nimeshuka kuangalia tu." Sauti ikarudia. Ikarudia tena, gari baada ya gari, kila moja likichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, na kadiri ilivyowahimiza ndivyo walivyozidi kutojua mguu upi utangulie. Kicheko kikaisha. Mama mmoja akamvuta mwanawe akamkumbatia. Bibi akaweka viganja masikioni. Wala magari hayakusogea tena hata kidogo, kwani katika umati wote ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesomeka.

Damari alikuwa anaijua hofu ile kama anavyoujua mkasi wake. Alimsogelea bibi. "Tazama chini, bibi," alimwambia. "Chini kumetulia."

Halafu akaenda. Alipita baina ya magari yaliyosimama, akigusa kila gari puani kwa kidole, moja, na jingine, na jingine, kila moja kwa zamu yake, jinsi ambavyo siku zote alitaka yamjie. Yalipokwisha, mguu wake ulikuwa juu ya mstari mweupe wa ng'ambo.

*

Karani wa Mamlaka aliitwa Eunike, binti mwenye adabu, na feni iliyokuwa juu ya kichwa chake ilikuwa na kilio chembamba ambacho yeye hakukisikia na Damari hakusikia kingine. Hezroni alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa ameitwa kama mlezi mtarajiwa, na alikuwa amevaa koti. Alipomwona dada yake anaingia peke yake alisimama, akakaa, akasimama tena.

Eunike alimpongeza Damari. Kisha akaiuliza mashine, akasoma, akakunja uso. Akaiuliza tena. Akaeleza kwa sauti ya kuomba radhi kwamba barabara imeandika ndama mmoja, ukaja msongamano, ndama akapotea. Mtu wa jina la Damari Chidawali haikumwandika.

"Kwa mujibu wa barabara, dada, bado uko Nzasa."

"Niko hapa."

"Nakuona," Eunike alisema, na alionekana anaona kweli. "Lakini anayeandika si mimi."

Damari angeweza kunyamaza. Hezroni alikuwa anamtazama kwa macho yanayosema nyamaza. Lakini neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini, nalo lilikuwa la kweli, na neno la kweli kwake halikujua kurudi nyuma. "Yule ndama alikuwa mimi."

Akaweka hereni mezani, vipande viwili. Akaeleza yote, kwa mpangilio, bila kupunguza. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapo sasa pana ugumu, maana hata kama ni yeye, barabara ilikuwa imesimama, na kuvuka barabara iliyosimama hakuhesabiki kuwa ni kuvuka.

Damari alilifikiria hilo. Vidole vyake vilipiga hewa. "Ng'ombe akivuka, barabara inasimama, na mnaandika ng'ombe amevuka," alisema. "Mimi nikivuka, mnaandika barabara imesimama."

Feni ikalia. Eunike alisema tu kwamba mashine ina nafasi tatu: mtu anayesomeka, mtu mwenye mlezi, na mnyama. Damari akauliza kwa nini hakuna nafasi ya mtu ambaye barabara inasimama apite. Eunike akashusha sauti. Alisema katika mapendekezo ya mwanzo ilikuwepo. Iliondolewa kwa kuhofia kwamba kila mtu angeitaka.

Hezroni akasimama, akasema mambo yamekwisha, waandike mlezi, yeye yuko tayari, chumba kipo. Alisema hivyo kwa mapenzi yote.

"Niandike mnyama," Damari alisema.

Eunike alimsihi. Alimweleza, kama dada kwa dada, kwamba barabara haisomi nyuso lakini milango inasoma. Mlango wa benki, wa duka la dawa, wa ofisi hii hii. Yote itamwona na itasema mifugo hairuhusiwi. Hajui lini itarekebishwa. Hajui kama itarekebishwa. Damari aliuliza kama milango hiyo inatembea kwa kasi. Eunike akasema hapana, milango imesimama. "Basi nitasimama nje nigonge," Damari alisema. "Mtu aliye ndani atafungua."

Ndipo Mjomba Lusito alipotokea mlangoni, amevuka baada ya msongamano kulegea, jasho likimtiririka. Karani akamgeukia. Hereni haiwezi kuhama, alimwambia, mpaka mwenye ndama atamke mwenyewe kwamba ndama amekufa. Mzee alitazama sakafu. Baba yake hakuwahi kutamka jambo la namna hiyo mbele ya watu, wala babu yake.

"Majivu amekufa," alisema.

Eunike akaandika. Alifika mahali ambapo mashine ilidai jambo la mwisho, akanyanyua macho, akauliza mchungaji wa ndama huyu ni nani. Hezroni akafungua kinywa. Mjomba naye akafungua kinywa.

"Mimi," Damari alisema.

Eunike alikaa kidogo, vidole hewani. Kisha akaandika. Mashine haikuuliza kama hilo linawezekana. Ilitaka jina tu, nalo jina ililipata.

Mjomba Lusito alimkabidhi mpwa wake fimbo yenye kishikizo cha shaba, kwa mikono miwili.

*

Mlango wa duka la Bi Mwantumu ulikuwa wa kwanza kumkataa. Damari aligonga kwenye kioo. Bi Mwantumu alikuja, akaisikiliza ile sauti ikisema mifugo hairuhusiwi, akaitukana kwa Kirangi, akaenda uani akarudi na tofali, akalitia mlangoni, na tofali lile likabaki pale. Alasiri yote Damari alishona suruali za shule. Mwisho, kabla ya kufunika cherehani, aliishona hereni kwenye gauni lake mwenyewe, begani, nje, kwa uzi mweusi mara mbili, mahali ambapo kila mtu ataiona. Ikiwa ni lazima ivaliwe, haikustahili kufichwa.

Hezroni alikuwa anamsubiri ukingoni. Aliitazama hereni, akatazama pembeni, na Damari akaona kwamba kaka yake ameumia, na kwamba hakuna namna ya kumtibu isipokuwa kurudi kuwa gunia. Akamwambia amsalimie shemeji, akamwambia mlenda ulikuwa mzuri.

Akabana vipande viwili, akatia mguu. Magari yakasimama. Vioo vikashushwa, vidole vikanyooshwa, mtoto mmoja akalia "moo" na akanyamazishwa. Damari alitembea na fimbo yake mpaka katikati, na pale, juu ya nguzo zilizolala chini ya lami, alisimama. Ardhi haikuunguruma, ndama alikuwa na mchungaji. Kelele za siku nzima zilikuwa zimemjaa kichwani, naye akaziacha zipoe, moja moja, bila haraka, bega likiyumba. Mji mzima ulimsubiri. Hapana aliyemwambia akamilishe nia yake.

Zilipopoa, akaenda zake.

Nyuma yake barabara ilianza tena kutiririka. Alifika kwenye mlango wake wa mbao wakati giza linaingia, akaisimamisha fimbo ukutani, akatoa ufunguo wa chuma. Alisita kidogo, kwa sababu siku ile ilikuwa imemfundisha kusita mbele ya milango. Kisha akautia ndani ya kitasa. Kitasa kilikuwa cha zamani, hakikujua kusoma. Kikazunguka.